Laptopu Inachemka Baada ya Kuhamia Windows 11: Mwongozo Kamili wa Kuipoza, Hatua kwa Hatua

Nimeamua kuandika hii manake tangu Windows 10 ikatiwe apdeti tarehe 14 Oktoba 2025 watu wanazidi kuniletea shida ile ile moja. Windows 11 imewekwa juzi, leo feni haitulii, chini pamechemka huwezi kuweka mapajani, na mwenyewe ashanunua stendi ya feni, ashafungua mashini na bisibisi ya kuazima, au ashafomati kila kitu na laptopu bado moto vile vile.

Karibu wote wanakosea pahali pamoja. Wanaanza na hatua ya mwisho, alafu wanabadilisha vitu vinne siku moja, kwa hivo hata ikipoa hawajui ni kipi kilichosaidia, na ikikataa hawajui warudi wapi. Fuata mpangilio huu, jambo moja kwa wakati mmoja, na kila ukimaliza hatua pima tena.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa chochote

- Chaja yake yenyewe, sio ya kuazima.
- Flashi au hadidiski ya nje ya kuweka nakala ya kazi zako. Hii usiiruke, tafadhali.
- Bando la kutosha au waifai, manake draiva (programu ya kuiunganisha Windows na kifaa) ya skrini peke yake yaweza kukaribia gigabaiti moja.
- HWiNFO au Core Temp, zote za bure, za kusoma joto la prosesa. Daunlodi kwenye tovuti zao wenyewe.
- Karatasi na kalamu.
- Za kusafishia: bisibisi ndogo ya nyota, kadi ya plastiki ya zamani, brashi laini, bloa ndogo na vijiti vya meno.
- Pesti ya prosesa (thermal paste, ya kupitisha joto) na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Hizi usinunue sasa, wengi hawafiki huko.

Kabla ya yote weka laptopu juu ya meza iliyo sawa uitizame kwa upande. Kama tachipadi imeinuka, au mfuniko wa chini umevimba na mashini inayumba, hiyo ni betri imefura. Zima, chomoa chaja, usiitoboe, usiibane, peleka kwa fundi ibadilishwe. Mwongozo huu hautakusaidia mpaka betri hiyo itoke.

Hatua ya 1: Pima joto, uandike

Washa laptopu, funga programu zote, fungua HWiNFO uchague ile ya kuonyesha vipimo peke yake ("Sensors-only"). Subiri dakika 10, andika joto la prosesa. Kisha cheza video dakika 10 nyengine, andika tena. Andika na saa, na kama chumba kina feni au eisii.

Sababu ya kuandika na hali ya chumba ni hii: feni ya laptopu haitengenezi baridi, inapuliza hewa ya chumba tu. Chumba kikiwa na nyuzi 22 na chengine nyuzi 32, laptopu ile ile kazi ile ile itakuwa na tofauti ya kama nyuzi 10. Ndo maana binamu yako wa Nairobi anakwambia yake iko sawa na wewe hapa Kisauni, Mombasa, mwezi wa 3 jua likiwa utosini yako inawaka. Usijilinganishe na yeye, jilinganishe na karatasi yako.

Kwa hali yetu ya Mombasa mimi naona nyuzi 45 mpaka 60 ikiwa imetulia ni kawaida, na 70 mpaka 85 ikifanya kazi sio ya kutisha. Ikikaa juu ya 90 kwa kazi ndogo kama video, hapo kuna jambo. Prosesa nyingi za Intel hujipunguza mwendo zikikaribia nyuzi 100, na za AMD zikikaribia 95, yaani ule ugoigoi unaouona ni mashini inajiokoa isiungue.

Hatua ya 2: Linda njia ya kurudi, kisha iache siku mbili tatu

Ukihamia Windows 11, ile ya zamani huwekwa kwenye folda inaitwa Windows.old kwa siku 10 tu. Zikipita, huwezi kurudi bila kufomati. Hatua hizi zaweza kuchukua zaidi ya hapo, kwa hivo ongeza muda sasa hivi. Andika cmd (dirisha la kuandikia amri) kwenye sehemu ya kutafuta, bonyeza kulia, chagua "Run as administrator", uandike:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30

Hapo umejipa siku 30. Inakula nafasi ya diski lakini inakupa utulivu wa moyo. Lakini hii ni ya dharura, manake Windows 10 yenyewe haipati apdeti za usalama tena isipokuwa umejisajili kwa zile za nyongeza, ambazo kwa watu wa kawaida zilipangiwa kufika Oktoba 2026.

Sasa, siku za kwanza baada ya kuhamia, laptopu ina kazi nyingi usizoziona. Inasoma faili zako zote upya ili uweze kuzitafuta, inapekua virusi diski nzima, inashusha apdeti zilizobaki, inapanga vitu vyake. Hiyo yote ni kazi ya prosesa, na kazi ya prosesa ni joto. Kama diski yako ni zile za zamani za kuzunguka, hesabu siku kabisa. Watu wengi wanaizima kila ikichemka, kesho ikiwaka inaendelea na kazi ile ile, basi wiki nzima iko moto.

Kwa hivo ipe nafasi. Weka juu ya meza ngumu, chaja ndani, kifuniko wazi, isilale kwa muda wa masaa sita hivi, hata usiku ambapo hewa imepoa. Usiiweke kitandani wala juu ya leso, kitambaa kinaziba matundu ya chini. Kisha fungua Settings, uende "Privacy & security", uingie "Searching Windows" (kwenye matoleo mapya yaweza kuandikwa "Search" tu). Ukiona imeandikwa "Indexing complete", kazi ya kusoma faili imekwisha. Pima tena. Kwa hesabu yangu kama nusu ya laptopu zinazoletwa kwangu hupoa hapa hapa.

Hatua ya 3: Mtafute anayekula prosesa

Kama siku tatu zimepita na bado moto, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Bonyeza juu ya neno CPU ili wanaokula zaidi wapande juu, kisha uwe na subira, tizama dakika tano nzima bila kugusa kitu, manake sekunde za kwanza zinadanganya.

Laptopu iliyotulia inafaa iwe chini ya asilimia 10. Ukiona jina moja linaganda juu, hapo ndo pa kushika:

"Antimalware Service Executable" ni mlinzi wa virusi wa Windows mwenyewe. Mwache amalize, usimzime. Lakini kama una antivairasi nyengine ya zamani ilokwisha muda, itoe, ni mzigo na haikulindi tena.

"Microsoft Windows Search Indexer" ni ile kazi ya hatua ya 2. Ikizidi siku tatu, rudi "Searching Windows" uhakikishe umechagua "Classic" sio "Enhanced", manake Enhanced inapekua kompyuta nzima.

"Windows Modules Installer Worker" ni apdeti inaingia. Nenda Windows Update, malizia zote, restati mpaka iseme hakuna nyengine.

OneDrive, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, nayo baada ya kuhamia yaweza kuwa imeanza kupandisha Desktop na Documents zako zote bila wewe kutambua, inakula prosesa na bando pamoja. Bonyeza wingu lake karibu na saa, usitishe, kisha uamue mwenyewe folda gani ziende.

"System interrupts" ikikaa juu ya asilimia 5 hivi, mara nyingi ni draiva, au kifaa ulichochomeka. Chomoa vitu vyote vya USB uone kama itashuka, kisha nenda hatua ya 5.

Kuna mwalimu mmoja wa Likoni aliniletea yake, feni inalia usiku na mchana, fundi mmoja alishamwambia bodi imeharibika na akamtajia bei ya kubadilisha. Nilipofungua Task Manager kuna jina moja limeganda kwenye asilimia 25 haliendi juu wala chini. Prosesa yake ilikuwa ya koo (core) nne, na 25 ya 100 maana yake koo moja nzima inazunguka bure. Ilikuwa ni "Spooler SubSystem App", yaani foleni ya printa. Karatasi za mtihani alizotuma kwa printa ya shule kabla ya kuhamia Windows 11 zilikwama na laptopu ikawa inajaribu kuzituma kila wakati. Nilifungua Services, nikasimamisha "Print Spooler", nikafuta vilivyomo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, nikaiwasha tena. Ikashuka nyuzi 20 na zaidi mbele ya macho yake, na bisibisi haikutoka mfukoni. Nilihuzunika nikifikiria angelipia ile bodi kwa mshahara wa mwalimu.

Ukimaliza hapo nenda sehemu ya "Startup apps" uzime zote usizohitaji zikiwaka na mashini. Usizime draiva za sauti na tachipadi.

Hatua ya 4: Mpangilio wa nguvu

Kuhamia mara nyingine kunabadilisha mpangilio uliokuwa nao. Settings, System, kisha "Power & battery", tafuta "Power mode". Kama iko "Best performance", irudishe "Balanced", au "Best power efficiency" kama kazi yako ni kuandika na kuvinjari tu.

Bado moto? Zuia ile mbio ya ziada ya prosesa, inayoitwa tabo. Tabo inapandisha mwendo kwa muda mfupi lakini joto linapanda kwa kasi kuliko faida unayoipata. Fungua cmd kama administreta uandike mistari hii mitatu, mmoja mmoja:

powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99

powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99

powercfg /setactive scheme_current

Kwa laptopu nyingi kutoka 100 kuja 99 kunatosha kuifunga tabo. Ukiedit video utahisi imepungua mwendo, ukiandika barua hutahisi kitu. Ikifaulu, ile nambari ya dakika 10 za video itashuka na feni itaanza kupumzika. Kutaka kurudisha, andika hivo hivo na 100.

Hatua ya 5: Draiva na BIOS

Windows 11 ikiingia huweka draiva zake za jumla pale inapokosa za kampuni. Zinafanya kazi, lakini ya jumla huenda isijue kuongea na feni ya modeli yako wala kuilaza kadi ya skrini isipotumika.

Soma modeli kamili kwenye stika ya chini, nenda tovuti ya HP, Dell, Lenovo au yeyote aliyeitengeneza, uweke modeli hiyo. Daunlodi kwa mpangilio huu: chipseti, kisha ile ya joto na nguvu (kwenye nyingi za Intel jina lake lina maneno "Dynamic Tuning"), kisha ya skrini. Restati baada ya kila moja. Tafadhali usitumie zile programu zinazojitangaza zitakuwekea draiva zote kwa mpigo, zinaleta uchafu mwingi kuliko msaada.

Kama joto lilianza baada ya apdeti ya skrini, fungua Device Manager, "Display adapters", bonyeza kulia, Properties, Driver, kisha "Roll Back Driver". Kitufe kikiwa kimefifia, hakuna ya zamani ya kurudia.

BIOS, yaani programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashini, iache mwisho, na usiiguse kama betri yako imekufa. Stima ikikatika katikati ya apdeti ya BIOS, laptopu yaweza isiwake tena, na sote hapa twajua stima yetu haiagi ikiondoka. Betri ijae, chaja iwe ndani. Pia angalia kama BitLocker au "Device encryption", yaani kufuli ya siri ya diski, imewashwa. Ikiwa imewashwa, andika ufunguo wake wa kurudishia (recovery key) pembeni, na usimamishe ulinzi huo kwanza. Nshaona mtu amefungiwa nje ya kazi zake za miaka kwa kukosa ufunguo huo.

Hatua ya 6: Tengeneza faili za Windows zilizovunjika

Fupi tu. Kwenye cmd ya administreta, ya kwanza mpaka iishe, kisha ya pili:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

Ya kwanza inatumia intaneti na yaweza kusimama pahali pamoja kwa dakika nyingi, usiifunge.

Hatua ya 7: Vumbi na chumvi

Hapa ndo Mombasa yenyewe inaingia. Windows 11 haikuleta vumbi, vumbi lilikuwamo, lakini kazi ya ziada imelifichua. Mashini iliyokuwa inapumua kwa shida kimya kimya sasa imepewa kukimbia.

Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na chumvi yenyewe inavuta maji. Vumbi likiingia haliwi kavu la kupeperuka, linashikana. Ukifungua laptopu iliyokaa miaka mitatu Mji wa Kale au pale Mtwapa karibu na maji, utakuta kati ya feni na vile vibati vyembamba vya kutolea joto kumejazana kitu kama sufi ya mto, kizito, hewa haipiti kabisa. Feni inazunguka kwa nguvu zote lakini ukiweka mkono kwenye tundu la pembeni husikii upepo. Hiyo ndo dalili ya uhakika: sauti kubwa, upepo mdogo.

Kama feni haina sauti wala upepo, ipime kwanza. HP bonyeza F2 ikiwaka, Dell F12 uchague Diagnostics, kisha pima feni. Ikifeli, nunua feni ya modeli hiyo, kusafisha hakutaifufua.

Kusafisha sasa. Zima huku umeshikilia Shift unapobonyeza "Shut down", ili izimike kikweli, kisha chomoa chaja. Fungua skrubu za chini, na kila skrubu ichomeke kwenye karatasi uliyochora umbo la laptopu, pale pale ilipotoka, manake urefu hautoshani na ndefu ikiingia tundu la fupi itatoboa plastiki ya juu au bodi. Angalia na chini ya vile viguu vya raba, huficha nyengine. Bandua kwa kadi ya plastiki, sio kisu. Kitu cha kwanza ukifungua, chomoa waya wa betri kwenye bodi. Usiendelee bila hilo.

Zuia feni kwa kijiti cha meno, isizunguke unapopuliza, manake ikizungushwa kwa upepo mkali inaharibu beringi na yaweza kurudisha umeme kwenye bodi. Puliza kutoka kwenye tundu la nje kuja ndani, kisha ile sufi iliyoshikana itoe kwa brashi na kijiti, taratibu, usipinde vibati. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Na usipeleke kwa kompresa ya kujaza tairi, najua wengi wanafanya, lakini upepo ule una nguvu kupita kiasi na unabeba maji na mafuta kutoka ndani ya tangi lake.

Ukiona ukungu wa kijani au mweupe kwenye vichuma vya bodi, chumvi ishaanza kula. Usikwangue. Mpelekee fundi mwenye vifaa.

Rudisha betri, funga, washa, pima. Laptopu iliyokuwa imeziba kweli hushuka sana hapa, na utasikia upepo wa moto ukitoka kwa nguvu pembeni. Upepo wa moto ni habari njema, joto linatoka nje badala ya kubaki ndani.

Hatua ya 8: Pesti ya prosesa

Fika hapa ikiwa upepo unatoka vizuri, Task Manager imetulia, na nambari bado ni 90 na zaidi. Hapo pesti iliyo kati ya prosesa na bomba la shaba linalobeba joto imekauka. Kama laptopu yako ni ya gemu na imetumia metali ya majimaji badala ya pesti, simama, hiyo si ya kujifunzia.

Skrubu za bomba zimeandikwa nambari. Zilegeze kwa kurudi nyuma, kidogo kidogo kila moja, usitoe moja nzima kwanza. Inua taratibu. Futa pesti ya zamani kwa pamba na ile spiriti ya asilimia 90. Spiriti ya kidonda ya kwa chemisti mara nyingi imechanganywa na maji mengi, ndo maana nilitaja asilimia. Subiri ikauke kabisa, weka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele katikati, kisha rudisha bomba ukikaza kwa kufuata 1, 2, 3, 4, mzunguko kidogo kila moja ili likae sawa. Vile vipande laini vya raba juu ya chipu za pembeni virudishe pahali pake, usivipake pesti.

Ukipima ukaona imepanda kuliko mwanzo, bomba halijakaa sawa. Fungua urudie, usiitumie hivo.

Kuiweka ikae na ubaridi wake

Inua nyuma ya laptopu kwa vifuniko viwili vya chupa za maji, hewa ya chini ipite. Stendi ya feni inunue sasa kama bado waitaka, inasaidia nyuzi chache kwa mashini iliyo safi, kwa iliyoziba haisaidii. Ukitoka nayo kwenye ofisi ya eisii kuja nje kwenye joto, iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa hivi kabla ya kuiwasha, manake hewa ya unyevu ikigusa chuma baridi inatoa matone ya maji. Usiku usiiache dirishani upande wa baharini. Kwa nyumba zilizo karibu na maji mimi husafisha kila miezi sita, na moja ya hizo huwa kabla kaskazi haijaanza kuleta joto, yaani kama mwezi wa 11.

Ile karatasi ya vipimo itie ndani ya begi la laptopu. Feni ikianza kulia tena, anza na nambari za humo, hatua ya 1.